Mbao za urembo juu ya boti za faiba: kusoma dalili na kufikia chanzo

Fundi aliyekulia kwenye ujenzi wa majahazi anajua kwamba maji ni msaidizi wa mbao zilizopangwa vizuri. Chombo kikishushwa baharini, mbao huvimba, pamba ya kalafati hubanwa, na mahali palipokuwa pakivuja siku ya kwanza hujifunga baada ya siku chache. Ujuzi huo ni wa kweli kabisa kwa jahazi na mashua, lakini ndio unaomponza fundi anapoombwa kubandika mbao za urembo juu ya sitaha, kingo au dashibodi ya boti ya faiba, kwa sababu faiba haivimbi pamoja na ubao. Ubao uliobandikwa juu yake ukivimba hauna mwenzake wa kubanana naye kwa faida, hivyo hujiinua, huichana gundi, au huikamua kalafati, yaani mpira mweusi unaojazwa kwenye mshono kati ya ubao na ubao, hadi ikajitokeza juu.

Karibu kila hitilafu inayoelezwa hapa inatokana na mwendo huo wa ubao, au na maji yaliyopenya mahali yasikoonekana, na mara nyingi na yote mawili. Ugumu wa kazi ni kwamba dalili huweza kuonekana tezini, yaani nyuma ya boti, na chanzo kikawa hatua mbili mbele yake, kwa hiyo anayeanza kwa kung'oa mahali palipoharibika hupoteza ushahidi ambao ungemwonyesha la kufanya.

Kabla ya kung'oa chochote

Osha sitaha asubuhi kwa maji yasiyo na chumvi, kisha iache ikauke na uitazame inavyokauka. Mbao zilizo salama hurudi rangi yake kwa pamoja, bali mshono ulioachana na ubao hubaki na mstari mweusi wa maji kando yake kwa muda mrefu zaidi. Weka alama za chaki kwenye mistari hiyo kabla haijapotea.

Baada ya hapo chukua bisibisi, ishike upande wa chuma, na ugonge kwa mpini hatua kwa hatua. Mahali paliposhikana pana sauti kali na fupi, na mahali palipoachana pana sauti nzito, kana kwamba unagonga debe lililojaa unga. Fuata mpaka wa sauti hiyo nzito na uuchore. Ukiishia kwenye ukingo wa ubao mmoja, yaelekea gundi ya ubao huo ndiyo iliyoachia. Ukivuka mbao kadhaa, au ukaendelea hadi kwenye faiba tupu iliyo pembeni, basi tatizo limo ndani ya sitaha yenyewe, na kubandika upya mbao za juu ni kazi bure.

Ubao umejikunja na kingo zake zimeinuka

Tazama kichwa cha ubao, mahali ulipokatwa, uone pete za umri wa mti zimelalaje. Zikiwa zimesimama wima, ubao huo husogea kidogo unapobadilika unyevu. Zikiwa zimelala bapa, husogea karibu mara mbili zaidi na tena hujikunja, kwa kuwa uso wa juu na wa chini havisogei kwa kiasi kimoja. Kwa msaji, ambao wengi sokoni huuita mtiki, ubao wa bapa wenye upana wa milimita 50 hupanuka kwa takriban milimita 0.4 unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, na mshono wa mpira wenye upana wa milimita 5 huweza kuumeza mwendo huo bila shida. Ubao wa aina hiyo hiyo wenye upana wa milimita 300 hupanuka kwa zaidi ya milimita 2, na hakuna gundi inayofaa kulazimishwa kushika mwendo wa namna hiyo. Mishono myeusi ya sitaha haikuwekwa kwa urembo peke yake, na mteja anayetaka ubao mmoja mpana usio na mshono kwa sababu unapendeza zaidi anapaswa kuelezwa hivyo kabla ya kazi kuanza.

Swali la pili ni ubao ulikuwa na unyevu gani siku ya kubandikwa. Katika hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80, ubao hutulia kwenye unyevu wa ndani wa asilimia 14 au 15 hata ukiwekwa kivulini mwaka mzima. Uliobandikwa ukiwa mkavu mno wakati wa kaskazi huvimba masika yakiingia, na uliobandikwa ukiwa na maji husinyaa jua la kaskazi linaporudi. Asiye na kipimo cha unyevu cha umeme huweza kukata kipande kidogo, akakipima kwa mizani, akakikausha kwenye oveni kwa nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena, kisha akagawa maji yaliyopotea kwa uzito wa ubao mkavu. Kipande cha gramu 115 kilichobaki gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Kwa kazi ya gundi ya epoksi lenga asilimia 10 hadi 12, na kwa pwani hiyo maana yake ni kuuweka ubao ndani ya chumba kikavu kwa muda, kisha kuubandika na kuufunga bila kuchelewa.

Ubao uliojikunja kidogo tu, na ambao bado ni mnene, huweza kushushwa kwa kuulowesha uso wake wa juu kwa kitambaa, kusafisha chini yake, kuingiza epoksi iliyofanywa nzito, na kuuwekea uzito hadi gundi ikauke kabisa. Uliopasuka katikati utolewe. Usiukaze kwa skrubu ili ulale, kwa sababu utakuwa umefungua mlango wa maji ambao haukuwepo.

Hapo inafaa kusema neno kuhusu mbao zenyewe. Msaji wa mashamba ya kupandwa, kama yale ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, ni mzuri, lakini miti iliyovunwa michanga huwa na sehemu kubwa ya nje iliyo nyeupe, na sehemu hiyo haina ustahimilivu wa moyo wa mti. Ukikuta sitaha ambayo ubao mmoja umeoza katikati ya mingine iliyo mizima, angalia kama haukukatwa karibu na ganda. Mvule hutumiwa badala ya msaji na hufaa, ila huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Kwa mapambo ya ndani ya boti, mninga ndio ninaoupendelea, kwa kuwa ni miongoni mwa mbao zinazosogea kidogo sana.

Kalafati nyeusi imeachana na ubao

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na pia ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa kupaka mpira mpya juu ya ule wa zamani. Kabla ya kupaka chochote, kata kipande cha mshono chenye urefu wa kidole na ukivute.

Kikiwa kimeng'ang'ania chini ya mfereji lakini kimeachia upande mmoja, aliyekijaza alisahau utepe wa chini. Mpira wa mshono unatakiwa kushika kuta mbili tu, kuta za ubao wa kushoto na wa kulia, ili uweze kunyumbuka kati yake. Ukishika na sakafu ya mfereji pia, unakuwa kama mpira wa manati uliobandikwa juu ya meza kwa urefu wake wote: hauvutiki, na nguvu yote huishia pale unapopasukia. Kwa sababu hiyo utepe mwembamba usioshika gundi hulazwa chini ya mfereji kabla ya kujaza.

Kipande kikitoka kwa urahisi pande zote mbili, na kuta za ubao zikabaki safi, mafuta ya asili ya msaji hayakuondolewa. Kuta hizo zilipaswa kupigwa msasa, kufutwa vumbi, kupanguswa kwa asetoni, kuachwa asetoni iruke, na kisha kupakwa dawa ya kushikisha ikiwa mtengenezaji wa kalafati ameiagiza. Kazi hiyo hufanywa siku ile ile ya kujaza, kwa kuwa mafuta hurudi juu ya ubao taratibu.

Kipande kikiwa kimelainika na kunata vidoleni kama lami ya jua la saa sita, kalafati yenyewe imekufa. Huenda ilitumiwa ikiwa imepita tarehe, au imeshambuliwa kwa miaka na jua, au sitaha imekuwa ikisafishwa kwa dawa kali zenye asidi. Hapo hakuna cha kurekebisha sehemu, bali mishono yote ya eneo hilo itolewe.

Kutoa mshono wa zamani ni kazi ya subira. Wengi hupinda mkia wa tupa ya zamani, wakaunoa ukawa ndoano yenye upana wa mfereji, na kuuvuta baada ya kukata pande mbili kwa kisu. Fika kwenye ubao mtupu, maana kalafati mpya ya aina tofauti haishiki vizuri juu ya mabaki ya ile ya zamani. Kama iliyokuwemo ilikuwa silikoni ya kawaida ya bafuni, ongeza msasa zaidi ya unavyodhani inahitajika, kwa sababu mabaki yake huzuia gundi, rangi na vanishi kushika.

Jaza mfereji kutoka chini kwenda juu, ukiisukuma kalafati mbele ya mdomo wa bomba ili hewa isibaki chini, na uache ijae kupita uso wa ubao. Fanya hivyo alasiri, joto linapoanza kushuka. Ubao unaopata joto asubuhi hutoa hewa iliyomo ndani ya vinyweleo vyake, na hewa hiyo hufanya viputo ndani ya mpira mbichi. Ziada ikatwe au ipigwe msasa baada ya kukauka hadi ndani, si baada ya kutengeneza ngozi tu.

Vizibo vya mbao vinatoka na skrubu zinaonekana

Sitaha za zamani zilifungwa kwa skrubu nyingi, kila moja ikifunikwa kwa kizibo kidogo cha mbao. Vizibo vinapoanza kutoka kimoja baada ya kingine, mwenye boti huleta mfuko wa vizibo vipya na gundi. Swali la kwanza hata hivyo si la kizibo bali la unene wa ubao. Brashi ngumu na mashine ya kuosha kwa nguvu ya maji hula sehemu laini ya msaji kila wiki, na sitaha iliyoanza na milimita 12 huweza kubaki na 6 bila mwenyewe kutambua. Kizibo kilichobaki na kina cha milimita 2 hakina mahali pa kushika. Tiba ni kutoa skrubu, kuchimba shimo la kichwa chake liingie ndani zaidi ikiwa unene unaruhusu, na kama hauruhusu, kuiondoa skrubu moja kwa moja, kulijaza shimo la faiba kwa epoksi, na kuutegemeza ubao kwa gundi.

Swali la pili ni zito zaidi. Sitaha ya faiba mara nyingi si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba zenye kiini cha plaiwudi, mbao nyepesi ya balsa au povu gumu katikati, na kila skrubu iliyotoboa ngozi ya juu ni mfereji wa kupeleka maji kwenye kiini hicho. Balsa na plaiwudi hunywa maji na kuoza, sitaha huanza kubonyea chini ya mguu, na dalili ya kwanza anayoiona mwenye boti ni vizibo vinavyotoka, kwa sababu kila hatua ya mtu hutikisa skrubu. Ili kuhakikisha, ingia chini ya sitaha mahali pasipoonekana, toboa ngozi ya ndani tu kwa keekee nyembamba, na utazame kinachotoka. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema. Tope la kahawia lenye harufu ya kuoza ni kazi ya wiki kadhaa.

Kiini kikiwa kimelowa kuzunguka skrubu chache tu, mbao zitolewe hapo, matundu yapanuliwe hadi kwenye kiini kikavu, eneo likaushwe, na matundu yajazwe epoksi nzito kabla ya kurudisha chochote. Kikiwa kimelowa eneo pana, ngozi ya juu ikatwe, kiini kilichooza kitolewe, kingine kibandikwe, na ngozi irudishwe kwa kitambaa cha faiba juu ya kingo zilizochongwa mteremko wenye urefu wa takriban mara 12 ya unene wake. Kuna wanaotoboa matundu na kumimina resini kwenye kiini kilicholowa wakitumaini itaenea na kukausha. Haiendi mahali palipojaa maji, na inapofika hufungia maji hayo ndani.

Gundi imeachia: soma pande zote mbili

Ubao uliong'oka mzima ni ushahidi bora kuliko wote, na usiuweke kando kabla ya kuutazama. Gundi ikiwa yote imebaki kwenye ubao na faiba ni safi inayong'aa, jelkoti, yaani tabaka la nje linalong'aa la faiba, haikuandaliwa. Boti hutoka kwenye kalibu ikiwa na nta, na anayepiga msasa kabla ya kuipangusa nta hiyo huisugua na kuizamisha kwenye mikwaruzo yake mwenyewe. Pangusa kwanza kwa kiyeyushi na vitambaa safi vinavyobadilishwa, kisha piga msasa namba 80 hadi mng'ao wote upotee.

Gundi ikiwa yote imebaki kwenye faiba na ubao ni safi, kosa liko kwenye ubao: mafuta, vumbi au unyevu. Ikiwa nyuzi za ubao zimebaki zimechanika pande zote mbili, gundi ilifanya kazi yake na ubao ndio uliozidiwa, kwa hiyo rudi kwenye suala la upana na pete za umri. Ikiwa gundi ina matuta ya mwiko yasiyosagika, ubao haukukandamizwa, au uliwekwa gundi ikiwa imeshaanza kuganda.

Ikiwa gundi ni laini na kucha inaingia, uliza aliyeichanganya amezoea resini gani. Mafundi wetu wengi wamejifunza faiba kwa polyesta, ambayo hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ni tone dogo, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, na huongezwa au kupunguzwa kulingana na joto la siku. Epoksi haikubali mchezo huo. Kipimo chake, kiwe sehemu 2 kwa 1 au 5 kwa 1 kama kopo linavyosema, ni sehemu ya gundi yenyewe, na hadina iliyozidi au kupungua huacha gundi ambayo haitakauka kamwe. Anayetaka muda mrefu zaidi wa kazi anunue hadina ya polepole, na auandalie mchanganyiko sinia pana badala ya kikombe kirefu, kwa kuwa epoksi iliyorundikana hujipasha moto hadi ikatoa moshi. Vaa glavu, kwani ngozi inayoigusa mara kwa mara huishia kuikataa kwa upele usiopona kazini.

Na polyesta yenyewe? Ni nzuri kwa kujengea boti, lakini ni gundi dhaifu ya mbao, na juu ya mbao zenye mafuta huwa dhaifu zaidi. Niliwahi kubandika vipande vya msaji kwenye ubao wa tezi kwa polyesta iliyobaki kazini, na vikatoka vizima, kama vigae, kabla ya mwaka kwisha. Gundi ya maji ya maseremala haina nafasi kabisa kwenye boti.

Iwapo unabandika juu ya epoksi iliyokauka jana, pitisha kidole kwanza. Katika hewa yetu ya unyevunyevu aghalabu hujitokeza utando wenye utelezi kama nta, unaoondolewa kwa maji safi na dodoki la kusugulia, halafu ndipo msasa. Msasa ukitangulia, huusambaza tu.

Vinia imefanya malengelenge

Vinia, ile karatasi ya mbao inayofunika dashibodi na milango, mara nyingi hubandikwa kwa gundi ya mpira kama ya mafundi viatu. Gundi hiyo hulainika kwa joto, na dashibodi iliyo nyuma ya kioo huchemka. Lengelenge linaloonekana mchana na kupotea usiku ni la joto; lisilopotea ni la unyevu uliopita ukingoni. La kwanza hutibiwa kwa kupasua mstari mmoja kufuata nyuzi kwa wembe, kuingiza epoksi kwa sindano, kufunika kwa nailoni na kuweka uzito. La pili halitibiki hadi ukingo ulioachwa bila kufungwa upatikane na ufungwe, nao mara nyingi ni tundu lililokatwa kwa ajili ya saa au swichi na kuachwa na mbao tupu ndani.

Madoa meusi na vanishi inayobanduka

Doa jeusi kuzunguka skrubu ni chuma kilichokutana na tanini ya ubao. Hata chuma cha pua hupata kutu kikifungiwa kwenye maji yasiyo na hewa, kwa hiyo doa hilo lina habari ya maji yaliyokwama chini ya kizibo. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji huliondoa, ikioshwa vizuri baadaye na ikitumiwa kwa glavu na miwani, kwa kuwa ni sumu. Doa likirudi, skrubu itolewe.

Vanishi inayobanduka kuanzia kingo na viungo imeingiwa na maji kwa chini. Inayopasuka katikati ya uso imechomwa na jua. Epoksi iliyoachwa wazi juani bila vanishi yenye kinga huwa ya njano na kuvunjikavunjika, kwa hiyo isiachwe kuwa koti la mwisho hata kama inang'aa vizuri. Tabaka la kwanza la vanishi lichanganywe na thina nyingi ili liingie ndani ya ubao, na yanayofuata yawe mengi na membamba.

Kwa sitaha iliyobaki na unene wa chini ya milimita 5, yenye mishono ambayo haina tena kina cha kushika mpira, matengenezo ya sehemu hayafai tena. Ngoa mbao zote, jaza kila tundu la skrubu kwa epoksi, toboa tena mahali kadhaa kutoka chini ili kukihakiki kiini, na iache faiba ikauke chini ya turubai lenye kupitisha hewa kabla ya ubao wa kwanza mpya kulazwa.